Kabla ya kumtumia fedha muuzaji usiyemwona

Mama mmoja wa Kihesa, Iringa, ameniletea swali ambalo limenipeleka kwa fundi kabla ya kunipeleka vitabuni. Mwanawe anasoma ubunifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Ameomba shilingi 250,000 anunue kadi ya grafiki, yaani kile kibao kinachochomekwa ndani ya kompyuta ya mezani ili ichore na kuonyesha picha nzito bila kukwama. Tangazo ameliona Instagram, muuzaji yuko Dar es Salaam, naye anataka alipwe kwanza. Mama anauliza: je, kitu hiki ni cha masomo au cha michezo ya kompyuta? Na je, fedha yake itakuwa salama?

La kwanza nalijibu kwa ufupi. Kadi inayochora nyumba ndiyo hiyo hiyo inayochezesha mpira wa kwenye kioo. Muulize kijana, wala usimdhanie vibaya. Ikiwa anachora ramani bapa tu kwa AutoCAD, uwezo wa picha uliomo tayari katika kompyuta nyingi huweza kumtosha. Akifikia kujenga umbo la nyumba nzima, lenye mwanga na vivuli vyake, ombi lake lina haki.

La pili nalijibu nikiwa nimekwisha kuumia. Mwaka juzi kamati ya msikiti wetu hapa Mbeya ilinikabidhi shilingi 165,000 za sadaka, ninunue kadi kwa ajili ya kompyuta inayohariri video za darsa. Nikampata mtandaoni muuzaji wa kadi ya GTX 1050 Ti kwa bei hiyo, chini ya wenzake wote. Nikatuma fedha, mzigo ukaja kwa basi, kijana wetu akaichomeka kadi na picha ikatokea. Tukashukuru. Wiki ya pili ikaanza kuzimika kila tulipofungua video ndefu. Fundi mmoja wa Mwanjelwa akaipima kwa programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z, nayo ikaweka neno FAKE mbele ya jina la kadi. Kumbe ilikuwa GTS 450, kadi ya mwaka 2010, iliyobadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kwa jina la kadi ya mwaka 2016. Nilipompigia muuzaji, alikuwa amekwisha kunifungia namba.

Imamu hakuniuliza bei. Aliniuliza kama nilishurutisha haki ya kurudisha. Sikushurutisha. Mwenye amana halipi kilichoharibika bila ya uzembe wake; lakini kutuma mali ya msikiti kwa mtu nisiyemjua, bila sharti lolote, mimi mwenyewe niliona ni uzembe. Nikailipa kutoka mfukoni kwa miezi mitatu.

Sharti hilo lina jina katika fiqhi: khiyari. Imepokewa kwamba katika zama za Mtume (s.a.w.) palikuwa na mtu aliyekuwa akipunjwa katika manunuzi, akaelekezwa atamke wazi kila anapouziana kwamba hapana hadaa, na katika baadhi ya mapokezi akapewa siku tatu za kuamua. Madhehebu ya Shafi, ambayo wengi wetu tunaifuata, imezifanya siku hizo tatu kuwa ukomo wa khiyari ya sharti, nazo huhesabiwa tangu kufungwa kwa mauziano, si tangu mzigo kufika. Basi likilala njiani siku moja, siku hiyo imekwenda. Laiti ningeipima kadi ile jioni ile ile ilipofika! Ipo pia khiyari ya aibu: kasoro iliyofichwa, iliyokuwapo kabla ya kukabidhiwa, humpa mnunuzi haki ya kurudisha hata kama hakushurutisha. Lakini utaidai kwa nani, ikiwa humjui jina wala duka?

Ndiyo maana namwambia mama aanze na mtu kabla ya kitu. Jumia iliondoka Tanzania mwaka 2019, na yaliyobaki kwa sehemu kubwa ni matangazo: yanakukutanisha na muuzaji, kisha yanakuacha naye. Tafuta duka ambalo ndugu yako aliyeko Dar anaweza kwenda kulitazama. Lipa kwa Lipa Namba, na jina litakalotokea kwenye simu kabla hujathibitisha lilingane na jina la duka. Dai risiti ya EFD. Umwandikie muuzaji WhatsApp jina kamili la kadi, kwamba ni halisi, na kwamba utaipima na kuirudisha ukikuta sivyo. Naye ajibu kwa maandishi. Asiyetaka kuandika, mwache. Mwenye duka linalojulikana akikudhulumu, unaweza kumshtaki Tume ya Ushindani, ambayo sheria ya mwaka 2003 imeipa kazi ya kumlinda mlaji. Nami siku hizi naona bora kuongeza shilingi 40,000 katika duka la Mbeya au Iringa ambalo naweza kulirudia kwa miguu.

Sasa kadi yenyewe. Kompyuta nyingi za wanafunzi ni mitumba ya maofisini, Dell na HP, zenye pawa saplai ndogo. RX 580 huuzwa rahisi na ina nguvu, lakini hula hadi wati 185 na hudai waya wake wa umeme, ambao mashine hizo mara nyingi hazina. Nyingi zilichoshwa usiku na mchana kuchimba sarafu ya Ethereum hadi uchimbaji huo ulipokoma Septemba 2022. Kuuza kadi ya namna hiyo si haramu, ila muuzaji aseme, Mtume (s.a.w.) alipokuta nafaka iliyolowa imefichwa chini ya rundo, alimtaka mwenyewe aiweke juu watu waione. GT 1030 nayo ni majina mawili katika jina moja: yenye kumbukumbu ya DDR4 iko nyuma sana ya ile ya GDDR5. RX 6400 haina sehemu ya kusimba video, hivyo kwa darsa zetu haifai. Kwa kijana huyu ningechagua GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada, au 1050 Ti iliyo halisi. Zote zina GB 4 na hutosheka na wati 75. Kwanza apige picha kasha lake na karatasi ya pawa saplai, ampelekee fundi, kwani kasha jembamba hutaka kadi fupi.

Kadi yetu bandia ingali katika droo ya ofisi. Vijana walishauri tuiuze mtandaoni kama ilivyo. Tukaitangaza, tukaandika kwamba si halisi. Watu wawili wamepiga simu. Mmoja yuko tayari kutoa shilingi 30,000, mradi tuyafute maneno hayo.