Kumbukumbu tupu ya kompyuta si akiba

WENYE maduka ya huduma za kompyuta mjini Voi, Mwatate, Wundanyi na Taveta hutegemea mashine zao zaidi kila mwisho wa Juni unapokaribia, walipa kodi wanapomiminika kuwasilisha taarifa za mapato kabla ya muda kuyoyoma tarehe 30.

Mashine ikizorota wakati huo, hasara ni ya papo hapo. Naye fundi akifungua takwimu za kumbukumbu katika Windows, akaona kiasi kilichoandikwa ‘Free’ kimekaribia sifuri, hukata shauri upesi: kumbukumbu imejaa, iongezwe ama kompyuta ibadilishwe.

Uamuzi huo waweza kumgharimu mwenye duka bure, kwani tarakimu hiyo pekee haithibitishi upungufu wowote.

Mfumo endeshi hufanya kazi mithili ya muuza duka mwerevu. Bidhaa zinazoulizwa mara kwa mara huzipanga kwenye rafu iliyo karibu naye, badala ya kuzifuata ghalani kila mteja anapobisha hodi. Rafu tupu haimwingizii hata senti.

Rafu hiyo ndiyo kumbukumbu; ghala ni diski. Kwa kuwa kusoma diski, hasa ya zamani inayozunguka, huchukua muda mrefu mno kuliko kusoma kumbukumbu, nakala ya faili iliyokwisha kufunguliwa huhifadhiwa pale palipokuwa wazi. Programu nyingine ikihitaji nafasi, nakala hiyo huondolewa mara moja, nayo faili yenyewe ingali salama diskini.

Linux imekuwa na desturi hiyo tangu zamani. Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, iliikuza kwa kupakia mapema hata programu ambazo mtumiaji amezoea kuzifungua. Wengi walishtuka walipoona nafasi tupu imetoweka.

Kipimo cha kutazamwa ni ‘Available’, kinachojumlisha nafasi tupu na ile inayoweza kuachiliwa papo hapo. Kikiwa kikubwa, chanzo cha uzito kitafutwe kwingine: diski iliyochoka, virusi au mtandao dhaifu. Kikikaribia sifuri huku diski ikihangaika bila kupumzika, hapo upungufu ni wa kweli, na kuongeza kumbukumbu kunafaa.

Programu zinazojinadi kuwa husafisha kumbukumbu aghalabu hufukuza vitu vitakavyohitajika tena punde, vikasomwe upya diskini.

Tahadhari hii ina uzito zaidi tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft ilipokomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 huhitaji kumbukumbu ya angalau GB 4, lakini pia hudai kichakataji cha miaka ya karibuni na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Kompyuta isiyo na hivyo viwili haitimizi masharti hata ikiongezwa kumbukumbu maradufu.

Kwa hivyo, kabla ya shule au duka kutoa fedha, fundi atakiwe kwanza kuonyesha kipimo cha ‘Available’ mashine ikiwa kazini.