MAZUNGUMZO NA WAZAZI: Mbili, Nne, Sita



Watoto wa miaka ya kwanza ya shule hufundishwa kuhesabu kwa kuruka: mbili, nne, sita, nane, kumi, au tano, kumi, kumi na tano, ishirini. Huimba maneno hayo njiani, na mzazi akiyasikia hufurahi. Ni haki yake kufurahi. Lakini leo napenda kuwauliza neno moja: je, mtoto huyo ajua anahesabu nini?

Mjaribuni. Wekeni mezani maharagwe 20, katika mafungu manne ya tano tano, mkamwambie ahesabu. Aliyefahamu atagusa kila fungu na kusema: tano, kumi, kumi na tano, ishirini. Aliyekariri wimbo tu atagusa punje moja moja. Kwa punje ya kwanza atasema tano, kwa ya pili kumi, na akifika punje ya nne atasema ishirini, hali nyingine 16 zimelala mezani bila kuhesabiwa. Wimbo wake hauna kosa, lakini hesabu yake si ya kweli.

Msidhani jambo hili ni dogo. Kuzidisha hujengwa juu ya msingi huu. Mara nne tano ni nini, ila kuruka tano mara nne? Mtoto aliyefahamu, akisahau mara saba tano, hunyosha vidole saba, akaruka tano kwa kila kidole mpaka 35. Aliyekariri tu, siku anapopotewa na mstari mmoja wa jedwali, hana njia ya kuutafuta. Hukaa kimya mbele ya ubao, wenzake wakamcheka, naye akaanza kujiona mjinga. Hapo wazazi wengine huchukua fimbo. Lakini fimbo haimfundishi mtoto hesabu. Humfundisha kuogopa daftari.

Basi tufanye nini? Hakuna haja ya kununua kitu. Anzeni na mbili, kwa maana vitu viwili viwili vimejaa nyumbani: macho, masikio, viatu vilivyopangwa mlangoni. Kisha fundisheni kumi, halafu tano, kwa mikono ya jamaa wakati wa kungoja chakula: mkono mmoja 5, mikono miwili 10, mikono mitatu 15. Wanaosali rozari jioni wanayo kumi mkononi: kila fungu lina Salamu Maria 10, na mafungu matano ni 50. Tatu na nne zingoje mpaka hizo zimekwisha kukaa vizuri.

Shikeni kanuni tatu. Ya kwanza: mkono utangulie, mdomo ufuate. Mtoto apange mafungu mwenyewe, ayaguse, ndipo aseme hesabu. Ya pili: asianze kila siku mahali pamoja. Mwambieni aanze 35 aende tano tano, au aanze 3 aende mbili mbili: tatu, tano, saba, tisa. Aliyeshika wimbo tu atakwama, aliyefahamu ataendelea. Ya tatu: arudi nyuma. Ishirini, kumi na tano, kumi, tano. Kurudi huko ndiko mlango wa kutoa na wa kugawanya. Na mwacheni agundue mwenyewe kwamba, akianzia tano, hesabu za tano tano huishia kwa 5 au 0. Jambo alilogundua mwenyewe hatalisahau upesi.

Watoto wetu wa Likasi wana kazi moja zaidi: huhesabu kwa lugha mbili. Kiswahili chawasaidia sana. Anayesema "kumi na moja, kumi na mbili" asikia kumi ndani ya neno lenyewe. Na wale wasemao "makumi mbili, makumi tatu" wasikia hata idadi ya mafungu. Kifaransa chasema "onze, douze", na ile kumi haisikiki. Tena watoto wengi husita wanapofika themanini, maana baada ya "septante" huja "quatre-vingts". Waelezeni kwamba maana yake ni ishirini nne: 20, 40, 60, 80. Ni kuhesabu kwa kuruka, tena kwa ishirini ishirini! Mtoto afahamu kwanza kwa lugha ya nyumbani. Neno la Kifaransa litapata mahali pa kukaa.

Wala mtu asiseme kwamba kuhesabu kwa mafungu ni mambo ya daftari tu. Mama auzaye nyanya sokoni huzipanga kwa mafungu. Malori yapitayo mjini kwetu kutoka Kolwezi kwenda Lubumbashi hubeba vibamba vya shaba vilivyofungwa mafungu mafungu, na anayevipokea huanza kwa kuhesabu mafungu.

Hata watu wa kale wa nchi yetu waliacha alama za namna hiyo. Mwaka 1950 mtaalamu Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo huko Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika Ziwa Edward. Mfupa huo, unaokadiriwa kuwa na miaka kama 20,000, umechanjwa mistari iliyokusanywa katika mafungu: fungu la 3 limefuatana na la 6, na fungu la 4 na la 8. Wataalamu hawapatani juu ya maana ya alama hizo, lakini mafungu yaonekana wazi kwa macho. Leo mfupa huo umewekwa Brussels. Waambieni watoto habari hii, wajue kwamba hesabu si mgeni katika Kongo.

Tena msiwaache wasichana nyuma. Binti asaidiaye mama yake sokoni akijua kuruka kwa 500, yaani 500, 1,000, 1,500, 2,000, atapokea noti za franka 500 na kutoa baki bila kubabaika, wala mdanganyifu hatampata.

Na ninyi wanafunzi, haya ndiyo maswali yenu ya juma hili. Mjibu kwa mafungu, si kwa moja moja.

1. Chombo cha mayai kina mistari 6, na kila mstari una mayai 5. Mayai ni mangapi?
2. Mlangoni pana viatu 18. Wenye viatu ni wangapi?
3. Mama ameuza mafungu 7 ya nyanya, kila moja kwa franka 500. Amepata franka ngapi?
4. Anza 50, rudi nyuma kwa tano tano mpaka 20. Umeruka mara ngapi?

Majibu ni 30, 9, 3,500 na 6. Aliyepata yote asijivune, bali akae na mdogo wake, wapange maharagwe pamoja. Na ninyi wazazi, dakika kumi kila jioni zatosha. Mtoto akikosea, msimpe jibu. Mrudishieni maharagwe mkononi, apange tena.