Aliyeacha Kazi Asikimbilie Barabara

Ndugu Waislamu, tunawaona walioacha kazi zilizowachosha: Ijumaa wanakabidhi ofisi, Jumamosi alfajiri wameshika usukani kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, zaidi ya kilomita 900, familia nzima garini. Sisi twasema, wasubiri. Kiinua mgongo kikiwa mfukoni, mwenye duka anayedai hangojeshwi hadi turudi. Wasia huandikwa, na wazazi wanaobaki huachiwa masurufu. Matairi atayatazama fundi. Lililo zito ni usingizi. Aliyekosa kulala vyema kwa miezi mingi hafai kuzipanda kona za Kitonga na watoto. Sharia imempunguzia msafiri rakaa nne kuwa mbili; naye apunguze mwendo, alale Mikumi, na kabla ya hapo alale wiki nzima kwake.