Sentensi Moja Katika Kanuni

Natalia Partyka, mwenyeji wa Gdańsk nchini Poland, alizaliwa mwaka 1989 bila kiganja cha kulia wala sehemu ya mkono iliyo chini ya kiwiko. Mwaka 2000, akiwa na umri wa miaka 11, alicheza mpira wa meza katika Michezo ya Paralimpiki ya Sydney. Kuanzia Athens 2004 hadi Rio 2016 alitwaa dhahabu ya mchezaji mmoja mmoja katika daraja lake mara nne mfululizo. Mwaka 2008, mjini Beijing, alishiriki Olimpiki na Paralimpiki. Akafanya hivyo tena London, Rio na Tokyo.

Habari kama hizi husimuliwa kwetu kwa sauti ya mahubiri: mlemavu huyu ameweza, ninyi wazima mnalalamikia nini? Nayapinga mahubiri hayo. Yanamgeuza mwanamichezo kuwa dawa ya kuwatuliza wengine, na yanatusahaulisha swali la msingi: mlango ulifunguliwaje?

Kanuni za mpira wa meza zinamtaka anayeanzisha mchezo auweke mpira juu ya kiganja kilicho wazi cha mkono usioshika kibao, kisha aurushe juu. Sharti hilo peke yake lingetosha kumfungia Partyka nje, kwa kuwa kiganja alicho nacho ndicho kinachoshika kibao. Lakini kanuni hizo hizo zinamruhusu mwamuzi kulegeza sharti anaporidhika kwamba ulemavu wa mwili ndio unaomzuia mchezaji kulitimiza. Basi Partyka huutuliza mpira penye kiwiko cha kulia na kuurusha kutoka hapo. Baada ya hapo hakuna upendeleo: meza ni ile ile, wavu ni ule ule, na pointi huhesabiwa vile vile. Katika Paralimpiki ya Tokyo alishindwa nusu fainali na Yang Qian wa Australia, akaambulia shaba. Haki ya kushindana ni pamoja na haki ya kushindwa.

Hapa Tanzania tunayo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Hata hivyo, niliwahi kushuhudia katika chumba cha mtihani mwanafunzi mwenye mkono mzito akichukuliwa karatasi dakika ile ile na wenzake, kwa hoja kwamba kanuni ni moja kwa wote. Aliyeichukua ni mimi. Nilidhani ninatenda haki. Kumbe nilikuwa ninapima kasi ya vidole, ilhali mtihani ulikusudiwa kupima maarifa.

Waamuzi wa mpira wa meza wamekwisha kutambua tofauti kati ya mchezo wenyewe na namna ya kuuanzisha. Sisi wenye shahada za uzamivu tunasubiri nini? Wanafunzi wetu hawahitaji makofi. Wanahitaji sentensi moja katika kanuni za mitihani, na msimamizi aliye tayari kuitumia.