Kukata Rufaa si Kumkataa Kadhi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake.

Miaka kadhaa nyuma alinijia mama mmoja baada ya sala ya Magharibi, kashika mfuko wa nailoni umejaa karatasi. Mahkama ya kadhi ilikuwa imeshaamua shauri lake na mumewe, na yeye aliona ushahidi wake haukusikilizwa. Akaniuliza: "Sheikh, nikikata rufaa, nitakuwa nimeikataa sharia ya Mungu?" Nikamwambia avute subira kwanza, wazee wa pande mbili wazungumze. Wazee walizungumza kweli, tena kwa vikao vitatu. Vilipomalizika bila ya suluhu, na siku za rufaa nazo zilikuwa zimemalizika. Jambo lile limebaki katika dhima yangu, na ndilo linalonifanya niandike leo, kwa sababu maswali kama yale yanaendelea kuletwa kila wiki kutoka Unguja na Pemba.

Tuanze na khofu ya yule mama, kwani ndiyo inayowazuia wengi. Watu huitaja aya ya 65 ya Suratun Nisaa, inayosema kwamba hawajaamini mpaka wamfanye Mtume (s.a.w.) hakimu katika wanayozozana, kisha wasione uzito nyoyoni mwao kwa alilolihukumu. Aya hiyo ni haki, lakini inamzungumzia Mtume (s.a.w.). Kadhi wa leo anahukumu kwa sharia hiyo hiyo, ila yeye si maasumu. Anasikiliza mashahidi, anapima maneno, anajitahidi. Akipatia ana malipo mawili, akikosea ana moja, kama ilivyothibiti katika hadithi. Na Mtume mwenyewe, kama alivyopokea Ummu Salama (r.a.), aliwatahadharisha watu kwamba yeye ni binaadamu, anahukumu kwa anavyosikia, na huenda mmoja wao ni fasaha zaidi wa hoja kuliko mwenzake. Basi atakayepewa kisichokuwa chake asikichukue, kwani ni kipande cha moto. Ikiwa mbele ya Mtume jambo hilo linawezekana, vipi mbele yetu sisi?

Tazameni pia kisa cha Nabii Daud na Nabii Suleiman (a.s.) katika Suratul Anbiyaa, aya ya 78 na 79, juu ya shamba lililoharibiwa na mbuzi za watu usiku. Suleiman alifahamishwa hukumu iliyo bora zaidi, na papo hapo Allah akawasifu wote wawili kwa hekima na elimu. Hukumu ilitazamwa upya, na heshima ya aliyehukumu mwanzo haikupungua. Na katika barua maarufu inayonasibishwa kwa Sayyidna Umar (r.a.) kwenda kwa Abu Musa al-Ash'ari, kadhi ameusiwa kwamba hukumu aliyoitoa jana isimzuie kurudi kwenye haki akiibaini leo.

Wanafunzi wa fiqhi wataniuliza: Mbona tumesoma kwamba ijtihadi haivunjwi kwa ijtihadi mfano wake? Kanuni hiyo ni sahihi, na faida yake ni kuzipa hukumu utulivu. Lakini wanazuoni hao hao wamesema hukumu huvunjwa ikipingana na nassi, ijmaa au kiyasi kilicho wazi. Zaidi ya hayo, mamlaka ya kadhi yanatoka kwa kiongozi aliyemteua, naye kiongozi ana haki ya kuyawekea mipaka. Palipowekwa ngazi ya rufaa, hukumu ya ngazi ya chini imetolewa tangu mwanzo kwa sharti kwamba yaweza kutazamwa na wa juu yake. Anayekata rufaa anapita katika njia aliyowekewa.

Njia hiyo kwetu Zanzibar ikoje? Mashauri ya ndoa, talaka, matunzo, malezi ya watoto na mirathi ya Waislamu yanaongozwa na Sheria ya Mahkama za Kadhi ya 2017, iliyochukua nafasi ya ile ya 1985. Shauri huanza ngazi ya wilaya, hupanda ngazi ya kadhi wa rufaa, na kutoka hapo huenda Mahkama Kuu ya Zanzibar. Hapo ndipo mwisho. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 99, imeyatoa mambo ya Kiislamu yaliyoanzia mahkama ya kadhi katika mamlaka ya Mahkama ya Rufani ya Tanzania. Kwa hiyo mtu akikuomba fedha akupelekee shauri lako la talaka "mpaka Dar es Salaam", jua kuwa amekukusudia mfuko wako. Kesi za jinai na madai ya kawaida zina njia yake nyengine, na migogoro ya ardhi ina mahkama yake. Uliza shauri lako ni la mlango gani kabla ya kugonga.

Sasa niyajibu maswali yanayokuja zaidi.

Je, niende kwa Mufti au kwa sheikh anipe fatwa ya kuitengua hukumu? Hapana. Fatwa inaeleza sharia kwa anayeuliza, wala haimlazimishi mtu wa pili. Hukumu inawafunga wote wawili. Fatwa haiwezi kuivunja hukumu, hata ikitolewa na mwanachuoni mkubwa. Na sisi masheikh tumuogope Allah: mtu akituletea karatasi ya mahkama, jambo la mwanzo tumuulize tarehe. Siku za rufaa zinahesabika, na baraza zetu hazizisimamishi. Suluhu ni kheri, lakini isuluhishwe huku karatasi za rufaa zimeshapelekwa. Wakipatana, rufaa huondolewa.

Nifanye nini siku ile ile ya hukumu? Usitoke mahkamani hujamuuliza karani mambo mawili: nina siku ngapi za kukata rufaa, na nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri nitaipata lini. Omba nakala kwa maandishi, ubaki na nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa. Ukicheleweshwa, karatasi hiyo ndiyo shahidi wako. Aliyepitwa na muda anaweza kuiomba mahkama imuongezee, lakini atatakiwa atoe sababu ya kutosha, na uamuzi ni wa mahkama. "Nilikuwa nasubiri wazee" ni sababu dhaifu.

Niandike nini katika sababu za rufaa? Usiandike kwamba kadhi hakukupenda au mumeo ana jamaa wakubwa. Onyesha kosa: shahidi wangu fulani alikataliwa bila ya sababu, risiti nilizotoa hazikutajwa katika hukumu, sikupewa taarifa ya siku ya kusikilizwa, au hukumu imekwenda kinyume na sharia katika jambo hili. Na fahamu kwamba rufaa kwa kawaida hutazama yaliyokwishawekwa mbele ya mahkama ya mwanzo. Sheria ya 2017 imegusa pia mgawanyo wa mali za wanandoa pale penye mchango wa kweli, na hapa kina mama wengi hupoteza. Mtu amejenga kwa fedha za upatu na za kukaanga mandazi miaka kumi, hana hata karatasi moja. Kilichokosekana chini ni taabu kukileta juu. Wekeni risiti, na palipo na shahidi, atajwe mapema.

Mume amekata rufaa. Je, matunzo ya watoto yanasita? Kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Anayetaka isimame inabidi aiombe mahkama, na mahkama iamue. Na mbele ya Allah, mtoto hangoji rufaa ndiyo ale. Baba anayekwenda rufaa ili apate miezi sita ya kutotoa, na huku anajua kuwa anadaiwa haki, amefanya dhuluma kwa kutumia mlango uliowekwa kuondoa dhuluma.

Ndoa yangu imevunjwa na kadhi, eda imekwisha, lakini mume amekata rufaa. Niolewe? Ninakuusia usiolewe mpaka rufaa imalizike. Hukumu ikija kutenguliwa na wewe uko katika nyumba ya mume mwengine, itakuwa msiba kwako, kwake na kwa mtoto atakayezaliwa. Ihtiyati katika mambo ya tupu ni wajibu mzito, na kusubiri miezi ni kwepesi kuliko majuto ya umri. Mawalii nao wasikimbilie kufungisha. Waulize kwanza kama kuna karatasi yoyote mahkamani.

Sina fedha za wakili. Niende wapi? Zanzibar ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2018, inayowatambua watoaji wa msaada huo kwa wasio na uwezo. Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwepo tangu 1992, na kina huduma Unguja na Pemba. Jumuiya ya Wanasheria Wanawake, ijulikanayo kama ZAFELA, huwasaidia zaidi kina mama na watoto. Na katika shehia nyingi wapo wasaidizi wa sheria waliofunzwa. Hao si mawakili, lakini wanajua kukuandikia barua na kukuelekeza mlango sahihi. Muulize sheha wako ni nani katika shehia yenu. Kwa mtu wa Micheweni au Makunduchi, hiyo ni nauli imeokoka.

Jihadharini na wanaokaa nje ya majengo ya mahkama wakiahidi ushindi. Msaidizi wa kweli atakuuliza karatasi zako kabla ya fedha zako, na atakwambia hata lile usilopenda kulisikia: kwamba hukumu ile ni sawa na rufaa yako haina mashiko. Ukiambiwa hivyo na mtu mwenye elimu na uaminifu, rudi nyumbani uridhike. Na ukijua moyoni kwamba ulishinda kwa ufasaha wa ulimi, hata kama mwenzako amepitwa na muda, hukumu hiyo haikukuhalalishia haki yake. Mrejeshee.

Neno langu la mwisho ni kwa maimamu, masheha na wazee wa familia. Tumezoea kumwambia mwanamke aliyeshindwa mahkamani "subiri, mtihani wa Mungu huo". Subira ni ibada, lakini ina mahali pake. Akija na karatasi mkononi, tumuulize tarehe, tumuonyeshe msaidizi wa sheria wa shehia yake, ikibidi tumchangie nauli ya kwenda Chake au mjini. Kisha tukae naye tumuusie subira. Yule mama wa mfuko wa nailoni hakunilaumu hata siku moja. Mpaka leo hunisalimia na kuniombea dua. Nami kila nikimuona huzihesabu zile siku.

Allah atuongoze kuhukumu kwa haki, kudai kwa haki na kuridhika na haki.

Wallahu a'lam.