Mawindo na Picha

Katika jimbo la Pennsylvania, Marekani, wapiti, mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, walikwisha kabisa katika karne ya 19. Mwaka 1913 wakaanza kuletwa wengine kutoka Yellowstone, na tangu 2001 huwindwa kwa vibali vya kura. Mtu aweza kuomba miaka mingi asipate. Apatapo, hutaka na filamu ya kuwaonyesha jamaa zake. Si vibaya. Lakini angojaye picha ipendeze, mnyama hugeuka, risasi ikakosea, naye akakimbia na jeraha. Basi na azoee shabaha mapema, na kamera aishike mwenziwe. Sisi tulioamrishwa kunoa kisu kabla ya kuchinja twalielewa jambo hili.