Thawabu ya Mwalimu Isiwe Kisingizio



Ndugu wasomaji, wiki chache zilizopita tulikwenda soko la Konyo Konyo hapa Juba kununua unga. Kijana aliyekuwa akipima alitutazama, akaacha mizani, akapaza sauti: "Ustaz!" Jina lake lilikuwa limetutoka lakini sura tuliijua. Tulimsomesha darasa la pili, na hatukumbuki mtoto aliyeteswa na hesabu za kutoa kama yeye. Mwaka ule tulimpangia vizibo vya soda chini, kumi kumi, tukimwambia kwamba tarakimu ikipungukiwa huenda kukopa kumi kwa jirani. Siku hiyo sokoni alijumlisha bei ya vitu vinne kichwani, akaturudishia chenji sawasawa bila kugusa simu, kisha akacheka: "Ustaz, nimekopa kwa jirani."

Tuliondoka pale na furaha ambayo hatujui tuipime kwa kitu gani. Njiani tukakumbuka kwamba zile pesa tulizonunulia unga nazo tulikuwa tumezikopa kwa jirani.

Ndiyo maana tumeshika kalamu. Tunataka kusema kuhusu malipo ya mtu aliyesomesha watoto wadogo kwa miaka mingi, kwa sababu tumesikia yakizungumzwa vibaya, hata na watu wema.

Sisi ni Wanubi wa Arua. Mababu zetu walitoka huku huku Equatoria wakiwa askari wa Emin Pasha, basi tulipokuja Juba mwaka 2006, Kiarabu cha hapa kilitukaa mdomoni tangu siku ya kwanza. Darasa letu la kwanza lilikuwa chini ya mwembe. Mapatano ya amani yalikuwa yametiwa saini Januari 2005, na watu walikuwa wanarudi kutoka kila upande. Watoto waliotoka Khartoum walijua kusoma Kiarabu. Waliotoka Kakuma na kambi za Uganda walijua Kiingereza na Kiswahili. Waliobaki Juba miaka yote ya vita walizungumza Kibari na Kiarabu cha mtaani. Wote hao tuliwaweka kwenye mkeka mmoja na ubao mmoja.

Pale Malakia tulimkuta mwalimu mwenzetu, mzee kuliko sisi, aliyekuwa akisomesha kwa Kiarabu tangu miaka ya 80. Kiingereza kilipoanza kuchukua nafasi ya Kiarabu madarasani, na katiba ya mwaka 2011 ilipokifanya kuwa lugha ya kufundishia, kazi yake ilikuwa kama imefutwa. Walimu wengi wa namna yake waliondoka. Yeye alikuja kukaa nyuma ya darasa letu, mtu wa miaka hamsini na zaidi, magoti yakigusa kidevu kwenye benchi la watoto, akinakili maneno ya Kiingereza pamoja na watoto wa darasa la kwanza. Baadhi ya wazazi walimcheka, nasi tulikuwa tukiwasikia. Hakuacha.

Kisha mwezi Aprili 2023 vita vikazuka Khartoum, na familia zikaanza kumiminika Juba. Watoto waliokuwa darasa la sita kule waliambiwa wakae na wa darasa la tatu, kwa sababu hawakujua Kiingereza. Kijana wa miaka kumi na tatu kukaa na wadogo wa miaka minane ni aibu inayomfukuza mtu shule. Mzee yule, ambaye wakati huo hata kutembea kwake kulikuwa kwa taabu, akawachukua baada ya alasiri. Alikuwa akiwaeleza somo kwa Kiarabu, halafu akilirudia kwa Kiingereza kile alichojifunza kwenye benchi letu. Wengi walipanda madarasa. Wawili waliacha, wakaenda kusukuma mikokoteni sokoni, na yeye hadi leo akikutana nasi huanza kwa kuwauliza hao wawili.

Ndugu wasomaji, mwalimu huyo asingekuwepo mwaka 2023 kama angeondoka mwaka 2011. Malipo ya kusomesha wadogo huchelewa sana kufika. Fundi ujenzi huiona nyumba yake mwisho wa mwaka. Mwalimu wa darasa la pili hungoja miaka kumi na tano ndipo amwone mtu mzima akijumlisha bei ya unga, na lazima awe bado yupo ili amwone. Sisi wenyewe tulikimbia mapigano ya Julai 2016. Tuliporudi baada ya miezi michache tukafungua daftari la mahudhurio, tukaita majina, na hata nusu hawakuitika. Tulililia daftari lile. Miaka ikapita, binti mmoja kati ya wale wasioitika akatutafuta: yuko kambi ya Bidibidi, Uganda, anasomesha darasa la kwanza, na alitaka kujua tulikuwa tunawanyamazisha vipi watoto wakati wa mvua, mabati yakipiga kelele. (Jibu: hatukuwahi kuwanyamazisha. Tuliimba nao.)

Sasa tuje kwenye kisingizio. Kila mwalimu akidai mshahara wake, hukosi kumsikia mtu akisema: "Ustaz, subiri, ujira wako uko kwa Allah." Tunaamini hivyo, Alhamdulillah, na elimu yenye manufaa kuwa sadaka inayoendelea ni jambo tunalolitegemea siku ambayo mali haitafaa. Lakini mbona muuza mkaa haambiwi hivyo? Mafundisho ya Mtume (SAW) kuhusu kutomcheleweshea kibarua ujira wake tunayasimulia misikitini kila mara. Mwenye kutoa thawabu ni Allah, na mwenye kudaiwa karo ni mzazi. Hizi ni hesabu mbili, haifai moja ilipe deni la nyingine.

Hali ya nchi tunaijua. Tangu pauni ilipoachwa ishuke Desemba 2015, mshahara wa mwalimu wa serikali umekuwa wa kununua vitu vya siku chache tu. Kuanzia mwaka 2017 mradi wa Umoja wa Ulaya uliwapa walimu wa msingi posho ya dola 40 kwa mwezi, na wengi walisalia madarasani kwa ajili ya hizo. Mwaka 2024, baada ya bomba la mafuta linalopita Sudan kuharibika, watumishi wa serikali walikaa miezi mingi bila kitu. Wenzetu wamekwenda kuwa madereva na wakalimani wa mashirika ya misaada. Hatuwalaumu, wana watoto. Lakini mtoto aliyebadilishiwa walimu watatu kwa mwaka mmoja anajua nini?

Vita na bei ya mafuta haviko mikononi mwetu. Karo ya shule zetu za jamii iko mikononi mwetu. Tumeona familia ikichinja na kualika mtaa mzima, huku karo ya mihula miwili haijalipwa. Kamati moja tuliyofanya kazi nayo ilipaka rangi ukuta wa nje kabla ya kuwalipa walimu waliokuwa ndani. Asiye na pesa kweli aje aseme, tutaelewana. Wako waliotuletea gunia la mtama, wako waliokuja kuezeka paa upya, na Allah awalipe. Ugomvi wetu ni na mwenye nacho anayetuelekeza mbinguni.

Nanyi wanafunzi mnaofikiria ualimu, hatutawadanganya kwamba ni kazi nyepesi. Februari 2025 shule zilifungwa wiki mbili kwa sababu watoto walikuwa wanazimia kwa joto, na mwalimu alikuwa chini ya mabati yale yale. Pamoja na hayo, tukipewa tena miaka hii tutairudia.

Shuleni kwetu sasa yuko dada mmoja, mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye kipawa ambacho sisi tulikipata baada ya miaka kumi. Wanafunzi wake wameanza kusoma maneno mazima. Hoteli moja imemwita akae mapokezi. Kamati inamdai subira, na yeye anaidai kamati mishahara ya miezi minne. Ametuambia atangoja mpaka mwisho wa muhula huu.

Wabillahi tawfiq.